Tangazo la Tatu

Binti aliyepokea funguo za ofisi yangu alitaka nimjazie fomu ya makabidhiano. Nikamjazia: meza moja, makabati mawili ya chuma (moja halifungi), pikipiki moja isiyowaka, na mafaili ya vyoo vya shimo kuanzia siku nilipokuwa bado na nywele. Akasoma mpaka chini, akaniangalia. "Na ile kazi ya makanisa, Mzee? Hiyo nayo iko faili gani?" Haikuwa kwenye faili lolote. Ndiyo maana nimekaa hapa nyumbani Uriri, miwani puani, nikimwandikia yeye na wenzake waliobaki kazini. Vyeo na mishahara sitavigusa. Atakaye habari hizo amuulize mke wangu, yeye ndiye anayezikumbuka kwa uchungu.

Nilianza kama Bwana Afya wa kawaida, yule ambaye watu wakisikia pikipiki yake wanafunga hoteli na kuficha maziwa. Siku yangu ya kwanza nilipelekwa Ogwedhi, siku ya soko la mifugo, kukagua nyama. Nilipewa muhuri wa mbao na wino wa zambarau, nami kwa bidii ya kijana nikapiga muhuri kila paja nililoliona. Mchinjaji mmoja mzee akaniambia, "Kijana, huo mguu umeupiga mara tatu. Unataka utembee?" Wino ule hautoki kwa sabuni. Jumapili iliyofuata, kwa kuwa mimi pia ni msomaji wa kanisa, yaani navaa kanzu nyeupe na kuongoza ibada pasta akiwa kwingine, nilishika Biblia kwa vidole vya zambarau. Akina mama wa kwaya walicheka mpaka wimbo ukawapotea. Tangu hapo watu wetu hawakunitenganisha tena. Bwana Afya na msomaji wakawa mtu mmoja, na mimi nikazoea.

Miaka ya tisini ilipoingia, vyoo havikuwa tena shida yetu kubwa. Tulikuwa tunazika. Ayaki, ndivyo tulivyouita UKIMWI kwa Kijaluo, uliingia boma kwa boma. Wengine wakasema ni chira, laana ya mtu aliyevunja mwiko. Wengine kanisani wakasema ni fimbo ya Mungu, na hao walinikasirisha zaidi, maana walikuwa wakisema hivyo na chakula cha matanga kikiwa mdomoni. Nilisoma maneno ya mazishi mara nyingi hadi sikuhitaji kitabu. Nilizika watu tuliokaa nao dawati moja. Sina namna ya kulipamba hilo.

Serikali ikanipa katoni za kondomu na chati ya picha. Kanisa likanipa mimbari. Jumapili nilibeba Biblia, Jumatatu katoni, na mkoba ulikuwa mmoja. Kiongozi wetu alikuwa Pasta Zakayo, mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya kuamsha kijiji. Tulipatana hivi: ndani ya kanisa nitahubiri uaminifu, na baada ya ibada, nje, pembeni ya tangi la maji, nitajibu lolote nitakaloulizwa. Mimi nikielekea kwenye tangi, Pasta alikuwa anakumbuka ghafla kwamba kuna mgonjwa hajamsalimia. Hakuwahi kunizuia. Nilizunguka na mkoba ule kutoka Rongo hadi kisiwani Mfangano, ambako wavuvi walinisikiliza huku wanashona nyavu na kuniuliza maswali yaliyonichoma masikio. Nilijifunza kujibu kwanza na kuona haya baadaye, na ninyi mjifunze hivyo hivyo.

Aliyenifundisha kazi hasa ni Sista Rebeka, muuguzi mkuu wa zahanati iliyokuwa jirani na kanisa. Alikuwa mfupi, mkali, na hakuna daktari aliyemtisha. Alinifundisha kukaa upande wa mgonjwa badala ya kukaa mbele yake kama polisi. Alinifundisha kutoshika karatasi mkononi wakati mtu anangoja habari, maana ataiangalia karatasi na hatakusikia. Nilipomaliza kuzungumza na mgonjwa wangu wa kwanza, nikajiona nimeweza, aliniuliza, "Yeye alisema nini?" Sikukumbuka. "Basi ulikuwa unahubiri," akasema, akaenda kuchemsha sindano zake.

Sasa nifike kwenye kosa langu, kwa sababu kazi yote mnayoisifu ilitoka humo.

Kanisani kwetu ndoa hutangazwa Jumapili tatu mfululizo. Pasta husoma majina ya bwana na bibi arusi, kisha huuliza kama kuna mtu anayejua kizuizi. Mimi nikaona hapo pana nafasi. Nikawashawishi wazee wa kanisa kwamba kila wanaotaka kuoana wapimwe damu. Wakitangazwa Jumapili ya kwanza, Jumatatu watatoa damu kwa Sista Rebeka, mimi nitaipeleka hospitali ya Homa Bay, na kabla ya wiki mbili kwisha majibu yatakuwa tayari. Yakiwa mazuri, Pasta anasoma tangazo la tatu. Yakiwa mabaya, Pasta anawaita faraghani. Jamani, nilijivuna! Mapasta wengine walikuja kuiga mpango wangu. Sista Rebeka peke yake ndiye aliyekunja uso. "Mbona Pasta apewe majibu?" Nikamwambia Pasta ni mtu wa siri. Na kweli alikuwa mtu wa siri. Lakini nilisahau kwamba kanisa zima linajua kuhesabu mpaka tatu.

Mwezi mmoja tulikuwa na wachumba jozi tatu. Mmoja wao ni Beldina, mwalimu wa nasari, binti wa Jaduong' Barnaba, yaani Mzee Barnaba, mfanyabiashara wa ng'ombe. Mchumba wake alikuwa Ezra, fundi wa mashua kutoka Mfangano. Nilifunga chupa zote sita za damu kwenye kisanduku cha barafu, nikaondoka. Mvua ilikuwa imekata barabara, na karibu na Rodi pikipiki ikateleza, nikaenda chini na kisanduku kikaenda chini. Chupa nne zilipona. Mbili zilivunjika, za Beldina na Ezra. Nilizifukia kwa uangalifu, nikajifuta tope, nikapeleka zile nne.

Nilipaswa kurudi siku ile ile na kusema, nimeanguka, nimevunja, njooni mtoe tena. Sikusema. Niliona haya. Mimi mwenye mpango, mimi wa kuigwa, nimelala mtaroni kama gunia! Nikajiambia nitawaeleza taratibu. Wiki zikapita, na Jumamosi ya mwisho nikamwambia Pasta Zakayo neno moja tu: "Hao wawili bado." Hakuuliza zaidi, maana tulikuwa tumekubaliana asiulize.

Jumapili Pasta akasoma tangazo la tatu la jozi ya kwanza. Akasoma la jozi ya pili. Kisha akakunja karatasi akaiweka mfukoni. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma yake na kanzu yangu, nikaona kanisa lote linageuka, taratibu, kumtazama Beldina. Mama mmoja akasema "Wololo," kilio chetu cha msibani, kwa sauti ndogo, na kanisa lilikuwa kimya kiasi kwamba wote tulisikia. Ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Hakuna aliyetamka neno, na kila mtu alikuwa ameambiwa.

Kufika Jumanne habari zilikuwa zimekomaa. Wakasema Ezra ameuleta kutoka ziwani, kwani watu wa visiwani si unajua. Wakasema Beldina amekonda, na Beldina hakuwahi kunenepa maishani mwake. Kisha wazazi wakaanza kuwatoa watoto katika darasa lake. Darasa lililokuwa linajaa hadi mlangoni likabaki na watoto wanne, wawili wakiwa wa kaka yake.

Jaduong' Barnaba alikuja ofisini kwangu na fimbo yake ya sokoni. Hakukaa.

"Bwana Afya, ng'ombe wa mahari wako kwangu wanakula. Mtoto wangu akitoka darasani hatoki tena nyumbani. Umeona nini kwenye damu yake?"

"Sijaona kitu, Jaduong'. Chupa ilivunjika. Nilianguka."

Aliegemea fimbo yake. "Ulianguka," akasema. "Na mtoto wangu ndiye aliyeumia."

Akaniambia nichukue damu nyingine haraka, kisha nisimame mbele ya kanisa lote niseme damu ya Beldina ni safi. Nikakubali. Nikampa mkono. Angeniambia nipande juu ya paa la kanisa nitangaze kutoka huko, ningekubali.

Nilikwenda mbio kwa Sista Rebeka kumweleza. Alikuwa anakunja mashuka, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Na damu ikisema vingine," akauliza, "utasimama useme nini?"

"Haitasema vingine, Sista."

"Wewe ni nabii siku hizi? Haya, tuseme ni safi. Utasimama, utasema, watapiga vigelegele. Mwezi ujao atakuja msichana mwingine. Baba yake naye atataka usimame. Siku utakayobaki umekaa kwenye kiti chako, huyo mtoto atakuwa amekwisha." Akanipa ncha ya shuka nimsaidie kukunja. "Ulifunga damu ya watu kwenye midomo ya watu. Ifungue. Usiongeze fundo."

Nilirudi kwa Barnaba nikamwambia siwezi kutimiza ahadi ile. Hakunifukuza, lakini hakunikaribisha chai, na kwetu hilo linatosha.

Kanisani kwetu wapo ndugu wa uamsho, na kwao si ajabu mtu kusimama katikati ya ibada akaungama. Jumapili nikavua kanzu, nikashuka mbele ya watu. Ndugu mmoja wa benchi la mbele akaitikia "Bwana asifiwe!" kwa hamu, tayari kupokea habari za mwanamke. Nikawaambia mimi ndiye niliyevunja chupa. Nikawaambia nilinyamaza kwa sababu ya kiburi, na Pasta hakusoma kwa sababu mimi nilimwambia bado.

"Majibu hakuna," nikasema. "Mimi sina, Pasta hana, hospitali haina. Mliokuwa mnajua, mlikuwa mnajua nini? Na yakija hamtaambiwa. Si ya Beldina, si ya mtu yeyote, yawe mazuri au mabaya. Kuanzia leo tangazo ni tangazo, na damu ya mtu ni yake."

Pasta Zakayo akasimama, akafungua karatasi, akasoma majina ya Beldina na Ezra kwa mara ya tatu, na ile sauti yake sijawahi kuisikia kubwa vile. Akauliza kama kuna mtu anayejua kizuizi. Jaduong' Barnaba akageuka kitini, akawatazama watu benchi baada ya benchi. Hakuna aliyefungua mdomo. Kisha wakapiga makofi mengi, nami nikatoka nje nikiwa mwepesi, nikidhani nimemaliza.

Jumatatu nikapitia darasa la nasari kuona. Watoto wanne. Beldina alikuwa anawafundisha kuhesabu kwa vifuniko vya soda. Akaja mlangoni akanishukuru kwa jana, kwa adabu, kisha akaniuliza, "Na Achieng' wenu hajambo? Wiki nzima sijamwona."

Achieng' ni binti yangu. Alikuwa na miaka mitano. Mimi nilikuwa naondoka nyumbani alfajiri na kurudi mtoto amelala, na sikujua kwamba miongoni mwa watoto waliotolewa darasani, wangu alikuwemo. Sijawahi kuona aibu kama ile, hata pale Rodi mtaroni.

Nilimkuta mke wangu uani anapukuchua mahindi.

"Mama Achieng', mtoto haendi shule?"

"Ana kikohozi."

Achieng' alikuwa anaruka kamba mbele yetu, na hakukohoa hata mara moja.

"Umeyasikia mafundisho yangu yote," nikamwambia.

"Nimeyasikia. Nimeyatungia hata wimbo wa kwaya." Na ni kweli, alikuwa ameutunga. "Majibu ya mwalimu yakija mazuri, nitamrudisha."

"Na yakija mabaya?"

Aliacha mahindi. "Baba Achieng', wewe ukikosea unasimama unaungama, unapigiwa makofi. Mimi nikikosea, nazika."

Ningeweza kwenda kuchukua ile chati. Alikuwa ameiona mara nyingi kuliko mtu yeyote Migori, maana ilikuwa inakaa chini ya kitanda chetu. Nikavuta kigoda, nikaanza kupukuchua mahindi pamoja naye. Kisha nikamwambia jambo ambalo sikuwa nimelisema popote, si mimbarini wala kwenye tangi: kwamba siku ya kwanza nilipomwogesha mgonjwa pale kwa Sista Rebeka, nilirudi nikanawa mikono mpaka ngozi ikaniwasha, na usiku ule sikumshika Achieng'. Nilikuwa najua kwamba hauambukizwi hivyo, na bado niliogopa. Kesho yake nikarudi, nikamwogesha tena.

Akanisikiliza. Akauliza, "Majibu umeyaona?"

"Bado hata damu haijatolewa upya."

"Na unataka nimpeleke hivyo hivyo."

"Hivyo hivyo. Tukingoja majibu, itakuwa tumekubali kwamba yakiwa mabaya watu walikuwa na haki."

Akarudia mahindi yake, na mimi sikumsukuma. Nililala nikijua sina la kuongeza.

Asubuhi nilimkuta amekwisha kumvalisha mtoto. Yeye mwenyewe alikuwa amevaa sare ya kwaya, siku ya Jumanne! Akamshika Achieng' mkono, na badala ya kukata njia ya shambani ambayo ni fupi, akapita sokoni katikati, mbele ya mashine ya kusaga, wakati akina mama wote wamepanga foleni na madebe yao. Mimi nilifuata nyuma nasukuma pikipiki, sikuthubutu kuiwasha. Alipofika darasani akamsalimia Beldina kwa mikono miwili, akamkabidhi mtoto, akazungumza naye kidogo mambo ya penseli. Akarudi kwa njia ile ile. Pale kwenye mashine mmoja akamuuliza anatoka wapi amependeza vile.

"Nimempeleka Achieng' kwa mwalimu wake," akasema. "Kikohozi kimepona."

Alhamisi darasa lilikuwa na watoto tisa. Wiki iliyofuata Beldina aliomba benchi lake la ziada lirudishwe. Mnaponisifu kwenye semina kwamba nilipigana na unyanyapaa huku kusini mwa Nyanza, mimi huwa namwona mwanamke mmoja aliyevaa sare ya kwaya siku ya kazi, akiwa bado anaogopa.

Mpango tuliutengeneza upya, mimi na Sista Rebeka na Pasta, na ndio mliourithi. Wachumba wanazungumza na mshauri kabla jina lao halijasomwa hata mara moja. Wakitaka kupimwa wanapimwa, wasipotaka hawalazimishwi, na majibu wanapewa wenyewe, wawili, mlango umefungwa. Pasta anapokea kadi ndogo iliyoandikwa "Wamefika," basi. Waliozungumza tu, waliopimwa, waliopata majibu haya au yale, wote kadi ni hiyo hiyo. Kadi ile ilikwenda Rongo, ikavuka maji mpaka Mfangano, ikafika kwa makanisa ambayo hayakuwahi kukubaliana juu ya jambo lolote, hata juu ya siku ya kusali. Najivunia kadi ile, na sitajifanya mnyenyekevu.

Beldina na Ezra walitoa damu upya kwa hiari yao. Bahasha yao niliibeba mwenyewe kutoka Homa Bay, imefungwa, nikaendesha polepole hadi baiskeli zikanipita. Nikamkabidhi Sista Rebeka. Wakaingia wote wawili, mlango ukafungwa, mimi nikakaa nje kwenye benchi la wagonjwa. Walikaa ndani muda mrefu. Walipotoka, Ezra alikuwa amebeba mkoba wa Beldina, na macho yao yote yalikuwa mekundu. Nimekaa kwenye benchi lile miaka mingi na nawaambia, watu hulia kwa majibu yote mawili.

Beldina akasimama mbele yangu. "Hutaki kujua, Bwana Afya?"

"Nataka sana," nikamwambia, na ilikuwa kweli. "Usiniambie."

Akanishika mkono, akaubana. Ezra akauliza kama pikipiki yangu inaweza kuwafikisha wote wawili barabarani, nikasema serikali hairuhusu, nikawapakia.

Walifunga ndoa Desemba. Kwaya iliimba, ng'ombe wa Barnaba walichinjwa, na mimi ndiye niliyesoma somo. Sijui damu yao ilisema nini mpaka leo, na katika miaka yangu yote ya kazi sijafanya jambo ninalojivunia zaidi.